Nyati Mmoja Shilingi Ngapi? Safari ya Uwindaji Inavyouzwa

Binamu yangu yuko Houston, anaendesha malori. Juzi kati alinitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, bosi wangu anataka kuja huko nyumbani kupiga nyati. Nimemwambia nina ndugu Dar, ataniulizia. Nyati mmoja shilingi ngapi?"

Nilicheka peke yangu ndani ya daladala. Ameuliza kama mtu anayeulizia beberu Vingunguti. Lakini nilipotaka kumjibu nikajikuta sina la kusema, na nikakumbuka kwamba hata sisi tuliobaki nyumbani tunalijadili jambo hili hivyohivyo. Picha ya Mzungu aliyepiga goti pembeni ya simba ikianza kuzunguka kwenye magrupu, huyu anasema nchi imeuzwa, yule anasema dola hizo zinajenga zahanati, wa tatu anauliza kwa nini jangili huyo hajakamatwa. Wote wamepandisha sauti, na hakuna aliyewahi kuelezwa biashara yenyewe inavyokwenda.

Nikaanza kuulizia. Aliyenisaidia zaidi ni mzee jirani yetu, aliyefanya kazi ya kusoma nyayo kwenye makambi ya Rungwa kwa miaka mingi, mpaka magoti yalipogoma. Baada ya wiki mbili nikampa binamu jibu lililomshangaza: nyati hauzwi. Bosi wako atakachonunua ni siku za kukaa porini na ruhusa ya kujaribu.

Tukubaliane maneno kwanza. Kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, mnyama wa porini Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye aliyekabidhiwa amana hiyo kwa niaba ya wananchi. Ndiyo maana kwenye habari za mahakamani unasikia mtu kashtakiwa kwa "kukutwa na nyara za Serikali", hata kama nyara yenyewe ni vipande vya nyama ya swala kwenye sufuria. Nyara ni mnyama au sehemu yake yoyote: pembe, ngozi, fuvu, kucha, jino. Ujangili ni kumuua au kumkamata mnyama huyo wa umma bila kibali. Uwindaji wa kitalii ni mgeni kulipia kibali, akawinda mahali palipotengwa, mnyama aliyeandikwa kwenye karatasi, huku akisimamiwa. Kwenye picha mizoga hiyo miwili haina tofauti. Tofauti imo kwenye karatasi, na katika swali kama karatasi hizo zilifuatwa au zilibaki mfukoni tu. Hilo la pili ndilo ningependa kuona watu wakiligombania, badala ya rangi ya aliyepiga goti.

Kuna uvumi mmoja unaochosha: kwamba wageni wanawinda Serengeti. Hapana. Kwenye hifadhi za taifa zilizo chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, yaani Serengeti, Ruaha, Mikumi, Katavi na nyinginezo, uwindaji wa kitalii hauruhusiwi. Ngorongoro vilevile. Mgeni huwinda kwenye mapori ya akiba, mapori tengefu, maeneo ya wazi, na kwenye ardhi ya vijiji vilivyoungana na kuunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, maarufu kama WMA. Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba baadhi ya mapori hayo yamepakana kabisa na hifadhi. Maswa imegusana na Serengeti, Rungwa imegusana na Ruaha, na mnyama hana habari amevuka mstari saa ngapi.

Mistari yenyewe nayo huhama. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Eneo lililosikika milio ya bunduki za watalii kwa miongo mingi likawa la kamera tu. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kipeperushi cha zamani chenye ramani ya Selous nzima na kukuambia "tunawinda hapa", muulize kipeperushi hicho kilichapwa lini.

Mwenye fremu, mpangaji na dalali

Mapori hayo yamekatwa vipande vinavyoitwa vitalu. Wengi hapa hupotea, wakidhani kitalu kimeuzwa kwa mwekezaji moja kwa moja. Kifikirie kama fremu ya duka Kariakoo. Mwenye fremu ni Serikali, na kwa vitalu vingi msimamizi wake ni TAWA, mamlaka iliyoanza kazi 2016 ikichukua majukumu yaliyokuwa ya Idara ya Wanyamapori. Kampuni ya uwindaji ni mpangaji: inalipa pango la kitalu, ina mkataba wa muda maalumu na masharti yake, na ikiharibu inaweza kutolewa. Zamani vitalu viligawiwa kwa maombi yaliyopitiwa ofisini, utaratibu ulioacha manung'uniko mengi. Mwaka 2019 TAWA ikaanza kuvinadi kwa mnada wa kielektroniki.

Mteja kama bosi wa binamu yangu ni mtu anayeingia dukani. Na kama ilivyo Kariakoo, kabla hajafika mlangoni atakutana na dalali. Madalali wa safari hizi wako Marekani na Ulaya. Wanakutana na wateja kwenye maonyesho makubwa ya wawindaji, kama yale ya chama cha Dallas Safari Club huko Marekani au yale ya Dortmund, Ujerumani. Dalali mzuri ana faida yake, kwa sababu anajua kampuni gani gari zake haziharibiki katikati ya mbuga. Kwa kawaida analipwa kamisheni na kampuni. Lakini dalali hana kitalu, hana mnyama, hana kibali. Swali la kwanza nililomtuma binamu akaulize lilikuwa: tunaambiwa tutawinda kitalu gani, na mkataba wa kitalu hicho uko kwa jina la nani? Kuna wanaouza safari za kitalu cha mwenzao kwa makubaliano halali kabisa, na kuna wanaouza hewa. Mtu akiliona swali hilo ni matusi, nusu ya jibu umeshapata.

Mgao nao umesahauliwa mno. Kila mwaka kila kitalu hupangiwa idadi ya wanyama wanaoweza kuwindwa, spishi kwa spishi, kama harusi inayopika pilau kwa hesabu ya kadi. Kitalu kinaweza kuwa na nyati wengi kwenye mgao na simba mmoja tu. Huyo mmoja akishachukuliwa na mteja wa Julai, msimu unapoanza, mteja wa Septemba atasikia ngurumo usiku na kulala. Kampuni mbaya haitamwambia hilo mpaka nusu ya pesa iwe imeshalipwa. Kwa hiyo usiulize tu "mna simba?" Uliza mgao wa mwaka huu wamebaki wangapi, na waliobaki wamewekewa nani.

Hata palipo na mgao, si kila mnyama anapigwa. Watalii hupiga madume tu. Simba asiyezua maswali ni yule mwenye umri wa miaka 6 na kuendelea, na umri unakisiwa akiwa hai, kwa darubini, kutoka kwenye rangi ya pua inayozidi kuwa nyeusi, manyoya ya shingo na hali ya meno. Baadaye fuvu linakaguliwa. Ukikosea ukapiga simba kijana, kampuni inaadhibiwa. Mzee wangu alinisimulia kukaa siku kumi na moja kwenye kibanda cha kuvizia, dume likija kila jioni kula chambo na mwindaji bingwa, yule mwenye leseni anayemwongoza mgeni, akitikisa kichwa kila jioni. Mgeni alikuwa amelipa pesa ya kutosha kununua nyumba Kigamboni, naye anatazama tu.

Kodi na LUKU

Sasa bei, ambayo binamu alidhani ni namba moja. Ni namba nyingi, lakini kwa yeyote aliyewahi kupanga nyumba zinaeleweka haraka. Kuna ada ya siku, ambayo ni kama kodi ya nyumba: unalipa hata kama hukulala. Humo ndani mna hema, chakula, gari, mafuta, mwindaji bingwa na kikosi chake. Kuna ada ya mnyama, ambayo ni kama LUKU: unalipa kwa ulichotumia. Ukimpiga nyati unalipia nyati, usipompiga hulipi. Juu ya hizo zinakuja ada za uhifadhi kwa Serikali za kila siku, kibali, ndege ndogo ya kutoka Arusha au Dar mpaka kiwanja cha udongo, maandalizi ya nyara, na mke au rafiki anayekuja kutazama tu, ambaye naye analipiwa kwa siku.

Tuseme, kwa hesabu ya mfano, kampuni inatoza dola 2,000 kwa siku. Safari ya siku 10 ya nyati ni dola 20,000 kabla ya risasi ya kwanza. Simba kwa desturi huuzwa kwenye safari ndefu ya siku 21, kwa hiyo kabla hujamgusa simba mwenyewe una dola 42,000 mezani. Ndiyo sababu nilisema mnyama hauzwi. Sehemu kubwa ya fedha ni siku, na siku hazirudishwi.

Halafu kuna sharti ambalo wageni huligundua wakiwa wamechelewa: aliyejeruhiwa amelipiwa. Tone la damu likidondoka, mnyama huyo anahesabika kwenye kibali chako hata akipotelea kichakani asionekane tena. Wenyewe porini wanaliona sharti la haki, kwa sababu linamfanya mtu afikirie mara mbili kabla ya kufyatua risasi ya mbali ya kujionyesha. Kwa nyati lina sababu nyingine. Nyati aliyejeruhiwa huwa na tabia ya kuzunguka na kusubiri kando ya njia yake mwenyewe, na anayetangulia kwenye nyayo hizo si mgeni mwenye bunduki bali msoma nyayo mwenye fimbo.

Porini wanakuwa wangapi

Picha ya mtandaoni inamwonyesha mtu mmoja na mnyama mmoja. Waliokatwa kwenye picha ni wengi. Yupo mwindaji bingwa mwenye leseni, anayebeba bunduki yake na ndiye anayesema piga au acha. Yupo ofisa au askari wa wanyamapori, mtumishi wa Serikali, anayekaa na kundi na kuandika kila kinachopigwa. Wapo wasoma nyayo wawili, dereva, mchuna ngozi, mpishi, wahudumu wa kambi.

Mzee alinionyesha vifaa viwili alivyobaki navyo. Cha kwanza kimfuko cha kitambaa, kidogo kama ngumi ya mtoto, kina majivu laini ya kuni. Akakitikisa uani kwake, vumbi jeupe likaelea kuelekea kwenye banda la kuku. "Upepo umekwenda kwa kuku," akasema, "basi kuku wameshajua tupo." Nyati akipata harufu yako kazi ya saa nne imekwisha. Cha pili ni mianzi mitatu iliyofungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli, inayofunguka kama miguu ya kigoda, mgeni aegemeze bunduki asitetemeke. Wanatoka kambini giza halijaisha, wanatafuta nyayo mbichi kwenye madimbwi, wanazifuata kwa miguu kilomita kumi, kumi na tano, mara nyingi wanarudi mikono mitupu. Sheria inakataza kumpiga mnyama ukiwa ndani ya gari, na inakataza kuwinda usiku. Siwezi kukuhakikishia kwamba kila kundi linatii. Ndiyo kazi ya yule mtumishi wa Serikali kuwemo, na akiwa mtu wa kununulika, karatasi zote nilizoeleza hapo juu hazina thamani.

Na nyama? Wengi wanaamini inaachiwa fisi. Kambi yenye watu ishirini haiachi nyati mzima, na inayozidi kwa kawaida hupelekwa vijijini. Mgeni anachohangaikia ni pembe, fuvu na ngozi.

Kutoa mzigo bandarini

Aliyewahi kuagiza gari Japani ataelewa sehemu hii. Kulipia gari Yokohama ni jambo moja. Kulitoa bandari ya Dar ni jambo jingine, lina watu wengine na karatasi nyingine. Nyara ni vivyo hivyo, ila mzigo unakwenda upande wa pili.

Baada ya kusafishwa na kuwekewa dawa, nyara inahitaji cheti cha umiliki, kibali cha kuitoa nchini na vyeti vya daktari wa mifugo. Kwa baadhi ya wanyama unaongezeka mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, uliosainiwa Washington mwaka 1973, ambao Tanzania iliridhia 1979. Chui na tembo wa Tanzania wako kwenye orodha kali zaidi ya mkataba huo, simba na kiboko kwenye orodha inayofuata. Chui ana kikomo cha nchi nzima: Tanzania imeruhusiwa kusafirisha wasiozidi 500 kwa mwaka. Nyati hayumo kabisa, na ndiyo maana ni mnyama mwepesi kwa mgeni wa mara ya kwanza.

Kisha kuna mlango wa nchi anakotoka mteja, nao una bawabu wake. Aprili 2014 Marekani ilisimamisha uingizaji wa nyara za tembo kutoka Tanzania na Zimbabwe, na baadaye ikahamia kwenye kupima ombi moja moja. Tangu Januari 2016 simba wa ukanda wetu naye anahitaji kibali cha Marekani kabla ya kuingizwa huko. Kumbuka Julai 2015 ndipo dunia iliposikia habari za Cecil, simba aliyevalishwa mkanda wa watafiti karibu na hifadhi ya Hwange, Zimbabwe, aliyepigwa na daktari wa meno kutoka Marekani. Kwa hiyo mtu anaweza kuwinda kihalali kabisa Tanzania, akalipa kila senti, na ngozi ikakaa kwenye ghala miaka kwa sababu ofisi ya kwao haijasaini. Hilo linaulizwa kabla ya kulipa, na linaulizwa kwao, si kwetu.

Bunduki nayo ni msafiri mwenye pasipoti yake. Inahitaji kibali cha kuingia kwa muda chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na namba iliyochongwa kwenye chuma lazima ilingane na iliyoandikwa, tarakimu kwa tarakimu. Ikipita nchi ya tatu njiani, nchi hiyo nayo ina masharti yake. Risasi mashirika ya ndege huruhusu kilo 5 tu kwa abiria. Kwa wanyama wa hatari inatakiwa kaliba, yaani upana wa tundu la bunduki, isiyopungua inchi .375. Nilimshauri binamu bosi wake akodi bunduki kambini. Alikataa katakata, inaonekana ni ya babu yake.

Kenya je?

Bosi aliuliza pia kama Kenya ni rahisi zaidi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1977 na haijaurudisha. Tanzania nayo ilikuwa imeufunga 1973, ikaufungua tena 1978 chini ya shirika la umma, TAWICO. Majirani wawili walipishana mlangoni, na tangu hapo kila mmoja anamwona mwenzake amekosea. Uganda iliurudisha kwa majaribio 2001 kando ya Ziwa Mburo.

Ugomvi ulipamba moto kuanzia mwishoni mwa 2023, tembo dume kadhaa wakubwa walipowindwa upande wa Tanzania, eneo la Enduimet wilayani Longido. Tembo wa pale huvuka kwenda na kurudi Amboseli, ambako watafiti wamekuwa wakiwafuatilia mmoja mmoja tangu 1972. Kwa Mkenya alikuwa tembo anayejulikana kwa sura na ukoo. Kwa karatasi za upande wa pili alikuwa dume mwenye pembe kubwa aliyeingia kwenye kitalu. Mimi nadhani watafiti wana hoja nzito: dume la tembo huzaa zaidi likishazeeka, kwa hiyo pembe zinazomvutia mteja ndizo zilezile ambazo kundi linazihitaji ziendelee kurithiwa. Kibali kinajibu kama ilikuwa halali. Kama ilikuwa busara, hilo linahitaji nchi mbili zikae meza moja.

Bosi ameamua nyati, siku 10. Amepewa jina la kitalu, ameona mgao, ameambiwa bahasha za bakshishi za mwisho wa safari zigawiwe mtu mmoja mmoja mkononi na si kupitia kwa mkubwa wao. Juzi binamu akanitumia picha ya nguo alizonunuliwa bosi na mkewe: mashati manne ya bluu, mapya, yamekunjwa vizuri kitandani. Nikampigia simu hapohapo. Mitego ya mbung'o hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi kwa sababu ndizo rangi zinazowaita. Mzee wangu anasema Rungwa walikuwa wakichoma mavi ya tembo kwenye kopo nyuma ya gari, moshi uwafukuze, na bado mgeni mmoja mwenye suruali ya jinzi alishuka miguu imevimba mpaka viatu havimtoshi. Mashati hayo yabaki Houston.